Asubuhi Tuliyomlilia Mama wa Mpolandi

Namshukuru Mungu kwamba masikio yangu hayajachoka, ingawa macho na magoti vimeanza kuniaga. Katika maisha yangu nimesikia kwaya kubwa, na ngurumo za radi juu ya milima ya Mbeya ambazo humfanya hata mlevi ajiweke sawa. Lakini sauti iliyonifanya nivue kofia porini, bila padri wala altare mbele yangu, ilikuwa ya tone moja la ulanzi likianguka ndani ya mbeta.

Kwa asiyetoka Iringa nieleze kidogo. Mvua zikikolea, mgema huikata ncha ya chipukizi la mwanzi, akaliinamisha, akalitia mdomoni mwa mbeta, ambayo ni kikombe kirefu cha mwanzi mkavu. Asubuhi na jioni hupita akikata tena kipande chembamba kama karatasi, na maji ya chipukizi huendelea kudondoka. Hayo maji ndiyo ulanzi. Baba yangu alikuwa mgema. Nilizaliwa sauti ile iko karibu na mlango wetu, na kwa sababu hiyo sikuwa nimewahi kuisikia.

Aliyenisikilizisha alikuwa mgeni kutoka Polandi, mtunzi wa muziki. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa katekista katika misheni iliyo kusini ya Iringa mjini, nina mke na watoto wawili. Padri aliniita akaniambia, "Kuna bwana anataka mtu wa kufuatana naye, ajue njia na ajue kunyamaza. Nimeona kunyamaza unakujua."

Mgeni huyo alikuwa rika langu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kiswahili alikuwa nacho, ila kilikuwa cha jikoni. Wakati wa vita kuu, Wapolandi wengi, hasa wanawake na watoto, waliletwa nchini kwetu wakakaa kambini, na yeye alikuja kijana na mama yake. Lugha alijifunza kwa wapishi. Vita vilipokwisha kambi ilifungwa, akaenda zake Ulaya, akasomea muziki. Sasa alifanya kazi katika chumba kilichojaa mitambo ya umeme, na alitunga muziki usiokuwa na ngoma, zeze wala kinanda.

"Mimi kamata sauti," alinieleza siku ya kwanza, akinionyesha mashine yake na utepe wa rangi ya kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu. "Sauti nalala hapa ndani ya utepe. Halafu nakata na wembe, nashona tena."

"Kama fundi wa nguo?"

"Ndiyo. Lakini kitambaa iko ya Mungu."

Kwanza tulikwenda Mbeya, tukakaa majuma mawili. Alinasa upepo kwenye nyasi ndefu za mlimani na mvua ya mawe ikipiga majani ya migomba. Mashine ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa nikiibeba begani, naye akabeba betri na maikrofoni, na watu wa sokoni wakatufuata kwa macho. Karibu na soko palikuwa na duka la mzee mmoja Mwislamu, ambaye babu zake walitoka pwani, na barazani kwake alikaa fundi cherehani mwenye maneno mengi.

"Mwalimu," mwenye duka aliniita, "huyu bwana wako ananunua nini? Majuma mawili sasa namwona anapita, mkono hauingii mfukoni."

"Hanunui, mzee. Anakusanya sauti."

"Za nani?"

"Za mvua, za upepo. Jana tulikuwa Mbalizi bondeni, kwa vyura."

"Na vyura wamekubali?"

Baraza lote lilicheka. Fundi akakanyaga cherehani yake kwa mbwembwe. "Mwambie anase hii! Inaimba kuliko chura, na haina matope."

Mpolandi alitabasamu akatikisa kichwa. "Hapana, fundi. Cherehani natengeneza na mtu. Mimi nataka kitu mtu bado hajagusa."

Mzee mwenye duka aliacha kucheka. Akamwambia fundi, "Muache. Anatafuta alichokiumba Mola peke yake, na wewe unamletea chuma cha kiwandani." Akatuita ndani, akatupa kahawa ya tangawizi, na hakuuliza tena.

Jioni ile, Mpolandi alinivalisha viduara viwili vya masikioni, akanichezea wale vyura wa Mbalizi. Mwanzo walikuwa vyura tu. Kisha akaifanya mashine iende polepole, na chura mmoja akageuka mzee mwenye sauti nzito, anayeongea ndani ya pango, anatulia, anajibiwa na mzee mwingine mbali. Niliondoa viduara nikatazama huku na huku. Nilikuwa nimefundisha watoto kwa miaka saba kwamba Mungu ameumba vinavyoonekana na visivyoonekana, na nilifundisha kwa moyo mweupe. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya chura wa bondeni mna mzee wa namna ile, tangu kuumbwa kwake, akingoja tu mtu apunguze mwendo amsikie.

Nilimwuliza atafanya nini na sauti hizo zote. Ndipo aliponiambia kilichomrudisha nchini. Mama yake alikufa kule kambini, jirani na misheni yetu ya Iringa, mwaka wa pili tangu wafike. Siku zake za mwisho alilala kitandani karibu na dirisha, na kila alfajiri walisikia matone ya ulanzi kutoka kwenye mianzi ya jirani. Mama alikuwa akiyahesabu hadi usingizi unamchukua. Asubuhi moja hesabu yake iliishia njiani. Sasa mwanawe alitaka kumtungia mama yake muziki wa maombolezo, na moyo wa muziki huo uwe matone yale, mianzi ile, alfajiri, bila sauti ya binadamu. Upepo, mvua na vyura vilikuwa pembeni tu. Bila matone, alisema, hana kazi yoyote ya kurudi nayo.

Tukarudi Iringa upesi, maana mvua zilikuwa zinaishia na machipukizi yalianza kukomaa, na chipukizi likikomaa halitoi kitu. Nilimpeleka kwa baba yangu, ambaye shamba lake la mianzi lilikuwa mtelemkoni chini ya misheni, mwendo mfupi kutoka makaburi ya wale Wapolandi wa kambini. Baba alimpokea vizuri, akamwonyesha mbeta zake zote, akamwachia achague.

Siku ya kwanza iliharibiwa na kengele. Mara tu matone yalipoanza kusikika vizuri, kengele ya misheni ililia, na mlio wake ukabaki hewani mpaka ndege wakaamka. Siku ya pili iliharibiwa na adabu yetu. Kwetu mtu hapiti mtu bila kumsalimu, na salamu yetu haina haraka: kamwene, halafu habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mahindi. Mzungu aliyechuchumaa chini ya mianzi alfajiri angepitwaje kimya? Mama mmoja mwenye mtungi wa maji alimsalimia. Hakujibiwa. Akadhani hakusikika, akasalimia kwa nguvu. Mimi nikaweka kidole mdomoni.

"Katekista, anaumwa?" aliuliza, akaja karibu amwangalie usoni.

"Haumwi, mama. Yuko kazini."

"Kazi gani ya kukaa chini na kunyima watu salamu?" Akaenda zake, na kisimani akawaambia wenzake kwamba siku hizi katekista anamfundisha mgeni kiburi. Kesho yake walipita wanawake sita, wote wakasalimia kwa sauti ya kanisani, kumpima.

Ikafika Jumatano ya Juma Kuu. Tepe zote zilikuwa zimejaa, umebaki mmoja mtupu, wa robo saa tu. Lori la kwenda Mbeya lingepita njia panda Jumamosi asubuhi, likitokea Ipogolo, na ndege yake kutoka Mbeya haingemngoja. Padri alitukumbusha kwamba kuanzia jioni ya Alhamisi kengele hunyamaza kwa kumheshimu Bwana katika mateso yake. Kwa hiyo ilibaki alfajiri moja, ya Ijumaa Kuu. Kengele zingetuachia nafasi. Lakini watu?

Baba alisikiliza shida yetu huku akinoa kisu chake cha kugemea. Akasema, "Rahisi. Nitawaambia ana msiba. Mtu mwenye msiba hasalimiwi salamu za njiani."

"Baba, huo ni uongo," nilisema. "Na ni Juma Kuu."

Hakuacha kunoa. "Mama yake amekufa, hajafa?"

"Alikufa. Lakini miaka mingi imepita."

"Alizikwa kwao au hapa?"

"Hapa. Pale juu."

"Sisi tulikwenda?"

Nilikuwa nimepita kando ya makaburi yale karibu kila siku, katekismu mkononi, na sikuwa nimewahi kufungua lile lango dogo.

"Nani alimlilia?" baba aliuliza.

"Wenzake wa kambini, nafikiri."

"Unafikiri," baba alisema. "Msiba hauozi kama mhogo, mwanangu. Nitakachowaambia si uongo. Nimechelewa tu kukisema."

Ijumaa alfajiri tulikuwa mianzini kabla mtu hajaweza kuona mistari ya mkono wake. Baba alipita akakata machipukizi, akatusogelea, akamgusa Mpolandi begani, akaenda. Mpolandi alizungusha mkono wa mashine, akavaa viduara, akafumba macho. Matone yakaanza. Alikuwa amenipa viduara vya pili, na hapo ndipo nilipovua kofia. Tone halikuwa "to" tu, kama nilivyodhani maisha yote. Lilikuwa na mwanzo, likafunguka, na ndani ya mbeta likazunguka na kupanda kabla ya kufa. Kila mbeta ilikuwa na sauti yake kulingana na ulanzi uliojaa ndani, na kadiri ulivyozidi kujaa sauti ilipanda kidogo kidogo, kwa subira ambayo sisi hatuna. Niliwaza: yote haya baba yangu ameyapitia kila asubuhi na kisu mkononi, na hakuna aliyempigia makofi Muumba.

Dakika mbili, labda tatu. Kisha nilisikia nyayo.

Alikuwa yule mama wa mtungi. Safari hii hakuwa na mtungi. Alikuwa na ungo wenye unga, kichwa amekifunga kaniki. Hakusalimia. Aliweka ungo chini taratibu, akaketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wanawake msibani. Nyuma yake wakaja wengine, na kuni, na maharage, na mkungu mdogo wa ndizi. Wanaume wakaja wakaketi upande wao, kofia magotini. Nilielewa tulichokifanya. Baba aliwaambia watu kuna msiba ili wanyamaze, nasi wote watatu tukasahau kwamba watu wetu wakisikia msiba hawakai nyumbani wakanyamaza. Wanakuja.

Walifika kama arobaini. Utepe ulikuwa unazunguka.

Mpolandi alikuwa amefumba macho, lakini masikioni alisikia nguo, magoti, pumzi za watu. Alifumbua, akaona. Alinitazama. Sikuthubutu kutoa sauti, kwa hiyo nilifungua daftari langu la mafundisho nikamwandikia: *Wamekuja kumlilia mama yako.* Alisoma. Akasoma tena. Kisha mkono wake ukaenda kwenye swichi, nami nikajua anachofikiri, maana kila pumzi ya watu wale ilikuwa inakula robo saa yake ya mwisho. Kidole kilifika juu ya swichi, kikakaa pale.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alianzisha kilio. Aliimba kwa sauti ya chini, kwa Kihehe, kama desturi: wewe mama uliyetoka mbali, tulikuona ukipita, hatukujua jina lako, tusamehe. Wenzake wakampokea. Mpolandi hakuelewa maneno, lakini aliondoa viduara, akaketi chini kabisa katika unyevu wa nyasi, akalia kwa kwikwi, bila kuficha uso. Mama wa mtungi alisogea akamshika mkono, kama anavyoshikwa mfiwa. Utepe uliisha wenyewe, ncha yake ikabaki ikijipigapiga kwenye mashine mpaka nilipoizima mimi.

Watu walipokwenda kuwasha moto wa kupikia, nilikaa karibu naye. Niliogopa kumwuliza, lakini nilimwuliza.

"Bwana, kazi imeharibika?"

Alifuta miwani kwa shati. "Matone safi iko. Kidogo, mwanzo. Nitaweza kata pale, tupa watu." Akaivaa tena. "Katekista, yule bibi, yeye natengeneza na mtu?"

"Hapana," nilisema. "Ameumbwa."

"Basi," akasema.

Baba alikuja na habari nyingine. Mfiwa hasafiri kabla ya siku ya tatu. Nilijaribu kumweleza juu ya lori na ndege, naye alinisikiliza kwa upole, akasema lori huwa linapita kila juma. Nilitegemea Mpolandi akatae. Alimjibu baba moja kwa moja, "Nakaa, mzee." Jumamosi asubuhi tulisikia lori likibadilisha gia njia panda, likaenda Mbeya bila yeye.

Siku hizo alizitumia darasani, kwa ruhusa ya padri, ambaye aliwasha jenereta mchana. Mashine yake nyingine, kubwa, ilikuwa humo tangu alipofika, kwenye sanduku la mbao. Nilimwona akikata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi, vipande vidogo kama ukucha akivining'iniza kwenye kamba ya kuanikia, kila kimoja na alama ya chaki. Kipande cha tone moja alikiunga mwisho na mwanzo wake kikawa pete, akaipitisha pete hiyo kwenye mashine na kuizungusha shingo ya chupa, nayo ikazunguka bila kuisha: tone, tone, tone. Kisha akapunguza mwendo, na tone la baba yangu likawa kengele. Nasema kengele kwa kukosa neno. Ilikuwa nzito kuliko kengele yoyote niliyowahi kuisikia, na katika siku zile misheni nzima ilikuwa imenyamaza.

Jumapili ya Pasaka hakushika wembe. Alisali pamoja nasi kwa Kilatini, lugha ambayo wote wawili tuliijua bila kuielewa sawasawa. Alasiri, waliokuja msibani walikusanyika darasani, wazee wakaketi kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Akawasha.

Sitaweza kuieleza yote. Kengele za matone zilianza mbali, zikakaribia. Pumzi za watu arobaini zikawa upepo. Kisha kikaja kilio, lakini alikuwa amekigeuza, mwisho ukawa mwanzo. Kilio cha kawaida huanza kwa nguvu na kuchoka. Hiki kilianza kimechoka, kikakusanya nguvu, kikapanda, na mwishoni kabisa kikaishia kwa pumzi ya kuvutwa ndani, kama mtu aliyeamshwa na anataka kusema neno. Hapo ndipo alipokuwa ameukata utepe. Kimya. Nilijikuta nimesimama, na sikuwa peke yangu.

Yule bibi alikuwa bado amekaa. "Aliyekuwa analia mle ni mimi?"

"Ni wewe, bibi," nikamwambia.

"Eeh! Mbona huwa hamniambii kwamba nalia vizuri hivyo?"

Watu walicheka, na Mpolandi nilipomtafsiria alicheka kuliko wote. Katika kicheko hicho baba aliinuka akasema tumesalia na kazi moja, twende tukaimalize kabla jua halijashuka.

Tulipanda makaburini. Lango lilikuwa gumu kufunguka. Wanawake waliokuja na majembe walipalilia kwanza, si kaburi moja, yote. Kisha Mpolandi akasimama penye la mama yake, na desturi ikafuata: asiyekuwepo siku ya kuzika hutupa udongo siku atakayofika. Tulijipanga. Kila mmoja aliinama akachota udongo mwekundu mkononi, akautupa juu ya saruji, na kila konzi ilianguka kwa sauti yake, nyingine kama mvua inayoanza, nyingine kama mtu anayebisha hodi taratibu.

Nilikuwa nimebeba mashine ya safari mpaka pale, kwa mazoea. Kipande cha utepe kilichobaki kingeweza kufutwa kikatumika tena. Alikuwa amenifundisha hivyo. Nilimnong'oneza, "Bwana, niiwashe?"

Alikuwa ameshika udongo wake, bado hajautupa. "Hapana, katekista," akasema. "Hii tusikie tu."

Nikaiweka mashine chini nje ya lango, nikarudi kwenye mstari kungoja zamu yangu.